Linki Yangu Ilimgharimu Mtu Elfu Nane na Mia Tano

Hii posti nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne. Ya tano naiacha hivi ilivyo, hata kama itanipunguzia wafuasi.

Mwezi wa pili niliweka video ya sekunde 42. Nilisimama nje ya stendi ya Kitale, makanga nyuma yangu wakiita watu wa Kapenguria, nikasema kwa ile sauti yangu ya haraka: "Skolashipu 5 za masta za mazingira, gharama zote zimelipwa, na hakuna mtu atakuambia!" Wengi wenu mnaikumbuka. Ndiyo video yangu iliyofika mbali zaidi. Kwa siku nne ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara laki mbili, na mimi nilikuwa nalala na simu kifuani nikihesabu.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano zilikuwa za ukweli. Ya nne niliitoa kwa grupu ya WhatsApp. Ilikuwa na bango safi, nembo, vijana wamevaa makoti meupe ya maabara, na linki chini. Sikuifungua hiyo linki. Nilitaka tu idadi ifike 5, kwa sababu "skolashipu 4" haikusikika poa.

Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe kwa inboksi. Mdada wa Bungoma. Aliandika kwa heshima, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi: "Kaka, habari yako. Nilijaza ile fomu ya nne, nikatuma 8,500 ya kushughulikia maombi. Tangu siku hiyo wamenyamaza. Wewe unawajua? Huwa wanapiga simu lini?"

Nikafungua linki kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imekufa. Nikapiga ile namba. Imezimwa.

Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nikamwandikia "pole sana dada" na emoji mbili za mikono, kisha nikafuta video. Nikadhani nimemaliza. Usiku sikulala. Kufuta video hakurudishi pesa ya mtu.

Wacha niwaambie kwa nini ilinichoma hivyo. Wengi mnaniona kama "msee wa mazingira". Iko hata kwa wasifu wangu. Ukweli ni kwamba nilisoma sayansi ya mazingira miaka miwili tu, chuo sitakitaja, nikaacha mwanzo wa mwaka wa tatu. Sikufeli. Mzee alikuwa akiendesha lori la mahindi hapa Kitale, akaugua mgongo, lori likapewa dereva mwingine. Mkopo wa HELB ulifika nusu ya kile nilihitaji, deni la karo likaongezeka, na siku moja kadi ya mtihani ikakataa kutoka. Nikarudi nyumbani Matisi na sanduku moja, nikaanza kurekodi video kwa sababu simu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho kinachoweza kufanya kazi. Kwa hivyo najua 8,500 ni nini kwa mtu anayetafuta masomo. Na bado nilimwekea mtego njiani kwa sababu nilitaka namba nzuri.

Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu. Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Mfukoni nilikuwa na 2,000.

Dada huyo anafanya kazi kwa duka la M-Pesa upande wa Kanduyi. Ana digrii ya sayansi ya mazingira, daraja la pili la juu. Alimaliza, mimi sikumaliza. Amekaa miaka mitatu akiuza muda wa maongezi na kutoa fotokopi. Nilidhani atanitukana mbele ya wateja. Alifunga duka saa saba, akaniambia, "Twende nyumbani, mama anataka kukuona." Hapo ndipo niliogopa kabisa.

Nyumbani kwao ni upande wa Bumula. Mama alinisalimia vizuri, mulembe, karibu, keti. Chai ikaletwa, na viazi vitamu. Hakuna aliyetaja pesa mpaka nikamaliza kikombe. Kisha mama akauliza, "Baba, wewe ndiye ulimwambia mtoto wangu kuna masomo?"

Nikasema ndiyo mama, ni mimi.

"Na wewe umesoma hayo masomo?"

Nikasema hapana. Sijamaliza hata digrii ya kwanza.

Akanyamaza. Binti yake akaangalia chini. Kisha mama akanieleza kwamba kati ya ile 8,500, elfu tatu na mia tano ilitoka kwa chama chake cha kina mama, na zamu yake ya kukopa tena ni mwaka ujao. Hakunifokea. Alieleza tu kama mtu anayesoma daftari.

Nikatoa ile 2,000 na kuahidi nyingine kila mwezi. Akaipokea, akaihesabu, akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike haya yote: "Pesa utalipa. Lakini sasa mtafutie ile ya ukweli."

Hivyo ndivyo mimi, niliyeacha chuo, nilijipata natafuta nafasi ya utafiti wa uzamili. Kitu ambacho hata sina ruhusa ya kukiomba mwenyewe.

Tulianza Jumapili iliyofuata kwenye kompyuta ya duka. Nitawapa tulichojifunza, kwa sababu ndicho nilipaswa kusema mwezi wa pili badala ya ile kelele ya sekunde 42.

Kwanza, pesa. Skolashipu ya ukweli haikuulizi utume pesa ya "kushughulikia" kwa namba ya simu ya mtu. DAAD ya Ujerumani haifanyi hivyo. Zile za Jumuiya ya Madola hazifanyi hivyo. Chuo kikuu chenyewe kinaweza kukutoza ada ya kuomba nafasi, hiyo ni kawaida hapa Kenya, lakini unalipa kwa akaunti ya chuo na unapata risiti. Kama bango lina namba ya mtu binafsi, ni mwizi. Kama halisemi ni chuo gani, idara gani na tarehe gani ya mwisho, ni mwizi pia.

Pili, na hii sikuwahi kuijua hata nilipokuwa chuo: masta zote si sawa. Kuna ile ya kukaa darasani, unalipa karo, unafanya mtihani, unaandika mradi mdogo mwisho. Halafu kuna ile ya utafiti, ambapo kazi yako kubwa ni swali moja unalolifuata miaka miwili chini ya msimamizi. Kwa ekolojia na mazingira, pesa nyingi ziko kwa hii ya pili. Na mara nyingi pesa haiko kwa "skolashipu" inayoelea hewani. Iko kwa mradi. Mhadhiri au taasisi imepata ufadhili wa kuchunguza kitu fulani, na ndani ya huo ufadhili kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili.

Mfano wa karibu na sisi ni msitu wa Kakamega. Kuanzia 2001 hadi 2010 kulikuwa na mradi ulioitwa BIOTA East Africa, ukifadhiliwa na serikali ya Ujerumani. Watafiti walihesabu ndege, nyuki, miti, mchwa, kila kitu, na wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu, Wakenya wakiwemo, walipata shahada zao humo msituni. Mwingine ni icipe, ile taasisi ya wadudu yenye makao Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Tangu 1983 wana programu ya PhD inayoitwa ARPPIS: unasajiliwa kwa chuo kikuu cha Afrika, lakini utafiti unaufanyia kwao, kwa maabara na mashamba yao. Wana nafasi za masta pia. Hizi ndizo nafasi ambazo watoto wa mashambani wameingia, na huzioni zikipigiwa kelele kwa TikTok.

Tatu, digrii yako inahesabika. Vyuo vingi hapa vinataka daraja la pili la juu, au la chini ukiwa na uzoefu wa kazi. HELB wana mkopo wa uzamili, lakini ni mkopo, utaulipa. Kuna ruzuku ndogo kama za Rufford Foundation ya Uingereza, ambazo humpa mtu pesa ya kazi ya uhifadhi uwanjani bila kumlipia karo. Na kuna kozi za nyikani za Tropical Biology Association, walio na ofisi Cambridge na Nairobi, wanaokutanisha vijana wa Afrika na wa Ulaya msituni kwa wiki kadhaa kujifunza kufanya utafiti, na wana ufadhili kwa Waafrika. Hiyo si shahada, lakini ndipo watu hujuana na wasimamizi wao wa baadaye.

Tukajua yote hayo, na bado tulikuwa hatujafika mahali.

Dada aliandika barua pepe kwa wahadhiri 14. Zote zilianza sawa: mimi ni mhitimu mwenye bidii, natafuta nafasi ya masta, nitafurahi sana. Nilimsaidia kuandika, nikaweka madoido. Majibu: sifuri. Hakuna hata "tumepokea".

Mimi nikasema hawa watu wana roho mbaya. Yeye akasema kitu kingine. "Soma tena. Kuna mahali tumewaambia nataka kujua nini?"

Hakuna. Barua 14, hakuna swali hata moja.

Swali lilikuwa nje ya mlango wa jikoni. Shamba la mama yake lina striga. Kama hujalima sehemu za chini za Bungoma, hicho ni kigugu chenye maua mazuri ya zambarau kinachoshika mizizi ya mahindi na kunyonya kila kitu. Unaona maua unafurahi, kumbe ni mahindi yako yanaliwa chini ya ardhi. Miaka iliyopita mama alipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Wengi hapa wanaijua hiyo mbinu kama push-pull. Harufu ya desmodiamu inafukuza nondo wa wale funza wanaotoboa mabua, nepia inawavuta pembeni, na mizizi ya desmodiamu inafanya mbegu za striga ziote kisha zife bila kupata pa kushika.

Kitu ambacho mimi sikujua, na nimezaliwa Kitale, ni kwamba majaribio ya kwanza ya mbinu hiyo kwa mashamba ya wakulima yalifanywa Suba na hapa kwetu Trans Nzoia, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa kazi ya icipe pamoja na Rothamsted ya Uingereza na KARI, ambayo sasa ni KALRO. Walikuwa wanatafuta dawa ya funza tu. Striga kupungua walikuja kukuta wakiwa kazini, huko Mbita. Mtu alikuwa anaangalia kitu kimoja kwa makini, akaona kingine.

Sasa swali la dada: shamba la mama bado lina desmodiamu, lakini majirani kadhaa waliipanda kisha wakaacha. Kwa nini? Kama inafanya kazi, kwa nini mtu aing'oe?

Alichukua daftari la kurasa 96 na kila Jumapili baada ya kanisa akazunguka kwa majirani. Nilimfuata na simu mara mbili. Nilitaka kurekodi, yeye alitaka kusikiliza, na nikagundua hivyo ni vitu viwili tofauti. Mzee mmoja alisema mbegu ni ghali. Mama mwingine alisema msimu wa kwanza palizi inamaliza mgongo, kwa sababu desmodiamu ikiwa changa unaipalilia kwa mkono. Kijana mmoja alisema shamba si lake, amekodi mwaka mmoja, atapandaje kitu kinachokaa miaka mitatu? Na kukhu mmoja akacheka, akasema hana ng'ombe, sasa hayo majani atakula yeye?

Hapo dada akawa na swali. Kwa mkono wake, kutoka kwa watu anaowajua.

Akaandika tena. Mara hii barua 5 tu. Kabla ya kila moja alisoma kazi ya huyo mhadhiri, zile zinazopatikana bure mtandaoni, na akaandika aya mbili: nimesoma hiki ulichoandika, huku kwetu Bumula nimeona hiki, nataka kujua hiki. Mimi sikuweka madoido yoyote. Walijibu 2. Mmoja alisema samahani, sina nafasi. Wa pili, ambaye sitamtaja, aliandika mistari minne: sina pesa ya mwanafunzi kwa sasa, lakini swali lako ni zuri, njoo ukusanye data nasi msimu huu, nitakupa posho ya siku, na mradi ukipata ufadhili tutazungumza.

Dada alinipigia simu akilia. Hiyo ndiyo simu niliyotaja kwa video fupi ya mwezi wa nne bila kueleza.

Sasa najua komenti zinakuja. "Kaka, mtu ana njaa, unamwambia atembee na daftari?" Swali la haki. Nami nimelijibu vibaya mara nyingi kichwani, kwa hivyo nitajaribu vizuri. Daftari halilipi karo. Yule dada bado anauza muda wa maongezi siku tano kwa wiki. Kama baba yangu hangeugua, mimi ningekuwa nimemaliza, na hakuna daftari lingebadilisha hiyo. Mfumo wa kulipia masomo hapa unaangusha watu wazuri kila muhula na sitaupaka rangi. Lakini nimeona pia kwamba pesa, zikija, zinamfuata mtu ambaye tayari anafuata kitu. Daftari ndilo sehemu pekee ya hii safari ambayo haikuomba ruhusa ya mtu.

Hata Wangari Maathai tunamkumbuka kwa miti na Nobel ya 2004, tunasahau kwamba alikuwa mtafiti. Alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Baadaye alikuwa akichunguza kupe wanaoeneza ndigana kwa ng'ombe. Akiwa anakusanya kupe, akaona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa nyasi. Green Belt Movement ilianza 1977. Alianzia kwa kupe, wasee.

Mwezi wa sita dada alikuja Kitale, nikamwambia leo mimi ndiye mwenyeji. Tulianzia makumbusho. Nimepita nje ya Makumbusho ya Kitale maisha yangu yote, na mara ya mwisho kuingia nilikuwa darasa la nne nikitafuta nyoka. Yalianzishwa 1926 na mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, mwanajeshi aliyekuwa akikusanya wadudu, ndege na vitabu tangu akiwa mtoto mwaka wa 1894. Serikali ikayafungua kama makumbusho ya taifa 1974. Nilisimama mbele ya vipepeo vyake nikawaza: huyu hakuwa profesa. Halafu nikawaza tena: lakini alikuwa na ardhi, wakati, na serikali ya wakoloni upande wake. Sisi tuna simu na bando la siku moja. Si sawa, lakini si sifuri. Kuna programu kama iNaturalist, bure, unapiga picha ya mdudu na watu wanakusaidia kumtambua. Kuna Kenya Bird Map, ambapo watu wa kawaida wanaandika ndege walioona, na watafiti wanatumia hizo data kujua ni ndege gani wanapungua na wapi.

Kisha tukaenda Saiwa. Ndiyo mbuga ndogo zaidi ya taifa Kenya, kama kilomita 3 za mraba tu, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame matopeni. Hakuna gari ndani. Unatembea, unapanda jukwaa la mbao, unanyamaza. Mimi kunyamaza si kazi yangu. Baada ya dakika 20 nilitaka tuondoke. Dada akanishika mkono, akaonyesha kwa kidevu. Nzohe jike, nusu ya mwili ndani ya maji, anatafuna mafunjo kana kwamba sisi hatupo.

Nilirekodi, bila shaka. Yeye akaniuliza: "Haya maji yanatoka wapi? Hayo mashamba ya mahindi pale juu yakiwekwa mbolea, inaishia wapi?" Mimi nilikuwa nimekaa kilomita kama 20 kutoka hapo miaka 23, na sijawahi kuuliza. Ukizunguka hiyo mbuga ni mahindi na ng'ombe pande zote, na kinamasi ni ukanda mwembamba katikati. Karibu hapo Kipsaina kuna wanakijiji waliojipanga zamani kulinda korongo wenye taji, ndege ambaye tangu 2012 yuko kwa orodha ya walio hatarini duniani. Hapa kwetu unamwona akitembea kwa shamba la mtu kama kuku. Mtafiti anatoka Ulaya na hema na kibali cha NACOSTI kuja kumtafiti, na anafanya vizuri, simlaumu. Ninachosema ni kwamba mimi nilikuwa nauza "nafasi" kama tiketi ya ndege, mgongo ukiwa umeelekea Saiwa.

Kwa hivyo, hali ilivyo leo. Dada alimaliza msimu wa kukusanya data. Ameomba nafasi mbili za masta, moja imekataa, moja hawajajibu. Jina lake litakuwa kwa ripoti ya msimu, kwa orodha ya waliokusanya data. Alinitumia picha ya ukurasa huo saa tano usiku bila maneno. Sitawaambia amefaulu, kwa sababu bado. Nilishawahi kuwaambia habari njema ambayo sikuihakikisha.

Mimi nimelipa 7,000. Imebaki 1,500, na mwisho wa mwezi huu itaisha. Mwezi uliopita nilipompelekea mama ya mwezi huo, alinipa kuku wa kubeba. Nikakataa, akasema kwao mgeni hakatai ingokho. Tukiwa njiani kwenda stejini akauliza, "Na wewe, baba? Chuo?"

Nikasema nina deni la karo la 46,000 na miaka imepita.

Akasema, "Umewauliza kama watakurudisha, ama umejijibu mwenyewe?"

Nilikuwa nimejijibu mwenyewe. Miaka miwili na nusu nilikuwa nimejijibu mwenyewe. Jumatatu niliandika barua kwa ofisi ya masomo kuuliza masharti ya kurudi na kama deni linaweza kulipwa kidogo kidogo. Hawajajibu. Wakikataa nitawaambia, wakikubali nitawaambia.

Na kuanzia leo, kwa hii akaunti: sitaweka nafasi yoyote ambayo sijaifungua mwenyewe, nikasoma masharti hadi mwisho na kuona jina la chuo na tarehe. Zikiwa mbili, nitasema mbili. Ikiwa moja, moja. Na kama uliona ile video ya mwezi wa pili na ukatuma pesa kwa ile ya nne, niandikie. Siwezi kuahidi kurudisha yote kwa mara moja, sina hiyo pesa, lakini nitapokea simu yako. Na uje na swali lako, hata kama ni la kuku wa jirani. Tutaanzia hapo.